Kompyuta Moja, Vikundi Vitatu: Tuondoe Foleni Kwenye Diski



Somo letu la leo linahusu ile kompyuta ya kikundi ambayo ni nzima, haina virusi, lakini ukiigusa inalala. Vikundi vingi vya Kisii na Nyamira sasa vinaweka hesabu zake kwa kompyuta. Akiba, mikopo, katiba na kumbukumbu za mikutano, yote yameingia mle. Kwa hiyo kompyuta ikikwama, mkutano nao unakwama. Mimi si fundi wa kompyuta. Kazi yangu ni maendeleo ya jamii. Haya nitakayosema nimeyajifunza nikiwa nimekaa karibu na mafundi, na mengine nimeyajifunza kwa kukosea, kama mtakavyoona.

Kituo ninachokijua vizuri kiko upande wa Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana. Vikundi vitatu vilichanga pesa vikanunua kompyuta moja ya mtumba. Iliwekwa nyumbani kwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, kwa sababu nyumba yake ina stima na mlango wa chuma. Kikundi cha kwanza ni cha akina mama wa akiba na mikopo. Cha pili ni vijana wanaojifunza kompyuta. Cha tatu ni wakulima wa ndizi, wanaoweka humo katiba yao, risiti na picha za mashamba.

Jumatano moja, siku ya michango, nilikuta akina mama wamekaa kwenye benchi tangu saa nane mchana. Karani anaandika jina, anabonyeza, anangoja. Anaandika lingine, anangoja tena. Mama mweka hazina akaniambia, "Mwalimu, hii kitu imelala tena. Si tununue ingine?" Vijana wakasema dawa ni kuongeza diski kubwa zaidi. Hapo mzee mwenyekiti wa wakulima wa ndizi akauliza, "Kabla hamjatoa pesa zetu, mmejua ni nani anayemngoja nani?"

Swali hilo la mzee ndilo somo la leo.

1. Ploti moja, vyumba vitatu, bomba moja

Mtu anaweza kuuliza, vikundi vitatu vinatumiaje kompyuta moja bila kuingiliana? Fundi alitumia programu inayogawa kompyuta moja kuwa kama kompyuta tatu. Kila moja ina mfumo wake, neno lake la siri na mafaili yake. Kompyuta hizo za ndani huitwa mashine pepe. Hazionekani kwa macho, lakini kila moja inajiona ina mwili wake. Kijana akiharibu yake akijifunza, hesabu za akina mama hazidhuriki.

Jambo hili si jipya. Kampuni ya IBM ilitoa mfumo wa namna hii, VM/370, mwaka 1972, kwa kompyuta kubwa za ofisi. Siku hizi hata kompyuta ya nyumbani inaweza. Uwezo huo, unaoitwa KVM, uliingizwa ndani ya Linux mwaka 2007, na programu ya Proxmox VE inayoutumia ilitoka mwaka 2008. Unaweza kuipata na kuitumia bila kulipa.

Fikirieni ploti ya kupangisha. Kuna vyumba vitatu, kila mpangaji ana kufuli yake. Lakini bomba la maji ni moja, liko uani. Mpangaji mmoja akija na mitungi kumi, wengine wanangoja hata kama walitaka kikombe kimoja tu. Kompyuta yetu ndivyo ilivyo. Vyumba ni zile mashine pepe. Bomba ni diski, yaani mahali kila kitu kinapohifadhiwa. Vyumba ni vingi, diski ni moja.

2. Kwa nini diski inachelewa?

Kompyuta nyingi za mtumba zina diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka na mkono mdogo unaokwenda huku na huku kutafuta habari. Diski ya kwanza ya aina hii ilitoka kwa IBM mwaka 1956, nayo ilikuwa na sahani 50. Za siku hizi ni ndogo na zina nafasi kubwa zaidi, lakini kazi ni ile ile: sahani izunguke, mkono utembee.

Haya, tufanye hesabu pamoja. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, ndiyo mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8 na kidogo. (Milisekunde ni sekunde moja ikigawanywa mara 1,000.) Kwa wastani habari unayoitaka iko nusu mzunguko kutoka ulipo, kwa hiyo unangoja milisekunde 4 hivi. Mkono nao unachukua kama milisekunde 9 kufika mahali pake. Jumla ni 13. Gawanya 1,000 kwa 13. Unapata karibu 77.

Maana yake, diski hiyo inaweza kushughulikia kama maombi 77 tu kwa sekunde yakiwa yametawanyika huku na huku. Ukigawanya kwa mashine tatu, kila moja inapata 25 hivi. Kompyuta moja ikiwa inawaka tu, inaweza kutaka maelfu.

Sasa tazameni jambo linalowachanganya wengi. Diski hiyo hiyo ikisoma faili moja refu lililopangwa sawasawa, inaweza kutoa kama megabaiti 150 kwa sekunde, kwa sababu mkono umetulia mahali pamoja. Lakini ikiombwa vipande vidogo vya kilobaiti 4 kutoka kila pembe, 77 mara 4 ni kilobaiti 308 tu. Tofauti ni karibu mara mia tano! Ndiyo maana filamu inacheza vizuri lakini daftari la mikopo linakwama. Filamu ni mstari mmoja mrefu. Daftari ni vipande vidogo vingi.

Na zikiwa mashine pepe tatu, hata kazi iliyopangwa inavurugika. Mama anasoma hapa, kijana anaandika kule, mkulima anafungua picha mahali pengine. Mkono unakimbia katikati yao siku nzima.

Kwa hiyo wale vijana waliotaka diski kubwa zaidi walikosea. Tangi kubwa haliongezi kasi ya bomba. Kabla ya kununua, ulizeni kasi ya kujibu, si ukubwa peke yake.

3. Pima kwanza, nunua baadaye

Mgonjwa akifika zahanati hapewi dawa kabla ya kupimwa. Kompyuta nayo ipimwe wakati imekwama, si asubuhi ikiwa haina kazi. Sisi tulipima Jumatano ile ile, benchi likiwa limejaa.

Kwenye Linux au Proxmox, fundi aandike amri *iostat -x 2*. Atazame safu za *r_await* na *w_await*. Hizo zinasema ombi linangoja milisekunde ngapi kusomwa au kuandikwa. Diski ya kuzunguka ikionyesha 10 au 15, inafanya kazi yake ya kawaida. Ikionyesha 100 au 500 kwa muda mrefu, kuna foleni. Atazame pia safu ya *%util*. Kwa diski ya kuzunguka, ikikaa karibu 100 bila kushuka, bomba halipumziki.

Kisha aandike *vmstat 2*, atazame safu za *si* na *so*. Zikikaa sifuri, vizuri. Zikiwa na namba wakati wote, kompyuta imeishiwa memori na inatumia diski kama memori. Hapo diski inabebeshwa mzigo usio wake. Kwa wenye Windows, fungueni Task Manager. Tazameni kama diski iko asilimia 100, na ni programu gani iko juu.

Sisi tulipata mambo mawili, na yote mawili yalikuwa ya aibu kidogo.

La kwanza, kompyuta ilikuwa na memori ya gigabaiti 8. Lakini fundi aliwapa wapangaji wote watatu gigabaiti 3 kila mmoja. Tatu mara tatu ni tisa! Na kompyuta yenyewe nayo inahitaji yake. Kwa hiyo ilikuwa ikihamisha mambo kutoka memori kwenda kwenye diski na kurudi, bila kukoma.

La pili, tulikuwa tumemwambia fundi apange nakala ya akiba ifanyike "saa nane". Yeye akaandika 14:00. Sisi tulimaanisha saa nane ya usiku, yaani 02:00. Basi kila siku saa nane mchana, wakati akina mama wanaketi, kompyuta ilianza kunakili kila kitu kilichomo. Mpangaji mwenye mitungi kumi tulikuwa tumemwalika wenyewe.

4. Hatua zisizo na gharama

Kabla ya kuchanga pesa, fanyeni haya.

*Gaweni memori kwa haki, si kwa usawa.* Mashine ya hati za wakulima tuliipa gigabaiti 1, ya akina mama 2, ya vijana 3. Jumla 6, tukaiachia kompyuta yenyewe 2. Zile namba za *si* na *so* zikashuka hadi sifuri.

*Pangeni zamu.* Nakala ya akiba ifanyike usiku. Kupekua virusi na kusasisha programu kusiwe siku ya michango, wala mashine zote zisifanye kwa saa moja. Hii ni kama egesangio ya wazee wetu: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Wote wakitaka kulimiwa siku moja, hakuna shamba litakaloisha. Na mkiandika saa, andikeni usiku au mchana.

*Zimeni mashine isiyotumika.* Mashine pepe iliyowashwa bila mtu bado inagonga diski.

*Ondoeni wakalimani.* Mnajua ilivyo mzee anapoongea Ekegusii, mmoja anatafsiri kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiingereza, ndipo afisa anasikia. Mashine pepe nyingi hupangwa zikidhani zina diski ya zamani inayoitwa IDE, na kila ombi linapita kwa mkalimani. Kuna njia iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe, inaitwa VirtIO. Kwenye Proxmox fundi achague *VirtIO SCSI*. Linux huijua tayari. Windows huhitaji kuwekewa dereva zake kwanza, kabla ya kubadilisha, la sivyo haitawaka. Nakala ya akiba iwepo kabla ya kugusa jambo hili.

*Futeni snapshoti za zamani.* Snapshoti ni kumbukumbu ya hali ya mashine ilivyokuwa siku fulani. Inasaidia kabla ya kubadilisha kitu. Lakini katika aina fulani za hifadhi, zikirundikana, kusoma faili moja kunageuka kupekua marundo mengi. Pia zinakula nafasi. Ukimaliza kazi na umehakikisha mambo ni sawa, ifute.

*Hifadhini kwa pamoja.* Programu yetu ilikuwa ikiweka muhuri kwenye diski kila jina linapoandikwa. Majina 40, mihuri 40, na kila muhuri unangoja sahani izunguke. Kama programu inaruhusu, andikeni ukurasa mzima kisha mhifadhi mara moja. Risiti za karatasi ziendelee kuandikwa kila mtu anapolipa. Hilo msiliache, na sababu nitaieleza.

Baada ya hatua hizi, mkutano wa Jumatano iliyofuata ulikwisha kabla ya saa kumi. Bado hatukuwa tumetoa shilingi hata moja.

5. Sasa, kama mnanunua

Kitu cha kwanza cha kufikiria ni diski isiyozunguka, ambayo mafundi wanaiita SSD. Haina sahani wala mkono. Habari ziko ndani ya chipu, kwa hiyo hakuna kungoja kitu kizunguke. Pale diski ya kuzunguka inapojibu maombi 77, SSD ya kawaida hujibu maelfu mengi kwa sekunde. Kwa mashine pepe, hakuna badiliko moja linaloshinda hili.

Kuna aina mbili mtakazoziona madukani. Moja inaunganishwa kwa waya wa SATA, karibu kila kompyuta ya miaka 15 iliyopita inaikubali. Nyingine inaitwa NVMe, ina kasi zaidi, lakini kompyuta nyingi za zamani hazina mahali pa kuichomeka. Msinunue kabla fundi hajafungua kompyuta akatazama. Na mkiambiwa SATA ya kompyuta yenu ni ya zamani, msikate tamaa. Faida kubwa ni kuondoa kule kungoja, na hata SATA ya zamani inaiondoa.

Mambo ya kuangalia:

- Wekeni mashine pepe kwenye SSD. Ile diski ya zamani ya kuzunguka msiitupe kama bado ni nzima. Ifanyeni ghala la nakala za usiku. Kazi ya mstari mrefu inaiweza.
- Msijaze SSD mpaka pomoni. Acheni kama sehemu moja kati ya tano iwe wazi. Ikijaa inapungua kasi.
- SSD haijui kwamba umefuta faili mpaka iambiwe. Fundi aweke alama ya *Discard* kwenye diski ya mashine pepe, na amri ya *fstrim* iwe inafanyika kila wiki ndani ya mashine za Linux.
- Tahadharini na diski za kuzunguka za aina ya SMR. Ndani yake mistari ya habari imepandana kama mabati ya paa. Ukitaka kubadilisha bati la katikati lazima uinue mengine. Kwa kuweka nakala zinafaa, kwa mashine pepe zinachosha.
- Mkitaka diski mbili zifanye kazi pamoja, chagueni kioo, ambacho mafundi wanaita RAID 1. Kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Ile RAID 5 ya diski tatu inaokoa nafasi, lakini uandishi mdogo mmoja unageuka kuwa kazi nne: kusoma mara mbili na kuandika mara mbili. Kwa daftari la mikopo huo ni mzigo.

6. Kosa langu

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike somo hili.

Kati ya zile hatua za bure na siku tuliyonunua SSD, nilitaka kasi zaidi. Nilisoma kwamba kuna mahali pa kuchagua namna ya kuweka akiba ya muda, ile inayoitwa kashe. Mojawapo imeandikwa *Write back (unsafe)*. Neno la mwisho linasema wazi kwamba si salama. Nililiona. Nikaijaribu, na kompyuta ikaruka kama mbuzi. Akina mama walifurahi. Nikaiacha hivyo.

Sikuelewa ninachofanya. Programu ya hesabu inapohifadhi, inauliza diski, "Umeandika kweli?" Kawaida diski inajibu ndiyo baada ya kuandika. Ukichagua hiyo isiyo salama, kompyuta inajibu ndiyo wakati habari bado ziko kwenye memori. Ni kama karani anayesema, "Nimeandika, nenda nyumbani," kumbe kalamu bado iko mfukoni. Kasi ile niliyoisifu ilikuwa kasi ya uongo.

Wiki mbili baadaye, Jumatano jioni baada ya mkutano, mvua yetu ya Kisii ikaja na radi zake. Stima ikapotea. Iliporudi, daftari la mikopo halikufunguka. Tulirudisha nakala ya saa nane usiku, nayo ikafunguka. Lakini kila kitu cha mchana wa Jumatano hiyo kilikuwa kimepotea.

Mingi tuliiandika upya kutoka kwa risiti. Lakini mama mmoja alikuwa amemaliza mkopo wake siku hiyo, wa mwisho kabisa kwenye foleni. Kitabu cha risiti kilikuwa kimeisha. Karani akamwambia, "Mama, nimekuweka kwenye kompyuta, usijali." Basi kompyuta ikasema hajalipa. Alisomwa mbele ya wenzake kama mdaiwa. Hakupiga kelele. Alikaa tu, akafunga leso yake, akasema, "Mimi nililipa."

Karani alikumbuka na pesa zilipohesabiwa zilitimia. Kikundi kilimwomba radhi. Mimi pia nilimwendea nyumbani, nikamweleza kwamba kosa ni langu. Lakini wiki nzima alikuwa ametembea sokoni na jina la mdaiwa, kwa sababu mimi nilitaka karani asingoje sekunde tatu.

Kwa hiyo tulijibu swali la mzee nusu tu. Ni kweli lazima tujue nani anamngoja nani. Lakini lazima tujue pia kungoja kupi kuna faida. Kungoja kwa sababu ya mpango mbaya, kuondoeni. Kungoja kwa diski ikihakikisha kwamba imeandika pesa ya mtu, kuacheni.

Basi: kwenye Proxmox acheni chaguo la *Default (No cache)*. Lile la *Write back* la kawaida linaheshimu swali la "umeandika kweli?", kwa hiyo linaweza kutumika kama kompyuta ina memori ya kutosha. Lile la *unsafe* ni la mashine ya majaribio ambayo ikifa hakuna atakayelia. Lisiguse mashine yenye hesabu za watu.

7. Stima, radi na nakala

Nunueni UPS, yaani betri inayoshika stima ikipotea. Haiwapi saa nyingi, inawapa dakika za kuzima kompyuta kwa utaratibu. Ikiwa ina waya wa USB, fundi auunganishe ili kompyuta ijizime yenyewe hata usiku. Mawingu mazito yakionekana, zimeni kompyuta vizuri kisha mchomoe. Msiitegemee UPS kuzuia radi.

Pia, diski mbili za kioo si nakala ya akiba. Karani akifuta jina kwa bahati mbaya, linafutwa kwenye zote mbili papo hapo. Nakala ni kitu kilichowekwa kando. Shikeni kanuni hii: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba hiyo. Moto au mwizi hachagui diski. Kwa kuwa nakala hiyo ina majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu, ifungwe kwa neno la siri. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika habari za watu azilinde.

Na mara moja kwa mwezi, rudisheni nakala kwenye mashine pepe ya majaribio muone kama inafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni kama mbegu ya mwaka juzi. Huwezi kusema itaota.

8. Kwa kifupi

1. Pimeni siku ya kazi, benchi likiwa limejaa.
2. Rekebisheni memori na saa za kazi kabla ya kutoa pesa.
3. Wekeni VirtIO, futeni snapshoti za zamani, zimeni mashine isiyo na kazi.
4. Mkinunua, nunueni SSD kwanza, na diski ya zamani iwe ghala la nakala.
5. Msinunue kasi kwa kuhatarisha kumbukumbu za watu.
6. Risiti ya karatasi iandikwe kila mara. Kitabu kikiisha, mkutano usimame mpaka kipatikane kingine.

Kituo chetu sasa kina SSD, na ile kashe imerudishwa mahali pake. Jumatano akina mama hawangoji. Yule mama aliyesomwa vibaya ndiye sasa anayeshika kitabu cha risiti, na karani hawezi kubonyeza chochote kabla mama huyo hajasema, "Andika."

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kompyuta ya kikundi chenu ikikwama, ni kazi gani nyingine inayofanyika ndani yake saa hiyo?
2. Stima ikipotea sasa hivi, mtapoteza hesabu za siku ngapi? Nani ana ushahidi wa karatasi?
3. Ni nani anayejua neno la siri la nakala? Je, akisafiri?
4. Mama akisema, "Mimi nililipa," na kompyuta ikisema hapana, kikundi chenu kitaanza kumwuliza nani?

Kazi kabla ya mkutano ujao

Mwenyekiti, karani na mweka hazina waketi pamoja na fundi kwa saa moja. Waandike kwenye karatasi: memori iliyogawiwa kila mashine, saa ya nakala (usiku au mchana), aina ya kashe iliyochaguliwa, na tarehe ambayo nakala ilijaribiwa mara ya mwisho. Karatasi hiyo isomwe mbele ya wanachama wote. Pale palipo wazi bila jibu, hapo ndipo mtaanzia.